Franco Lazima Ageuzwe: Hoja Dhidi ya Karata za Sifa

Kubuni seti ya karata za taroti kwa ajili ya mwanamuziki umpendaye si jambo geni tena duniani. David Bowie anayo yake: Davide De Angelis, msanifu aliyeshiriki kubuni majalada ya albamu zake katika miaka ya 1990, alimchorea seti nzima inayoitwa Starman Tarot. Sasa na sisi vijana wa lugha na sanaa tunataka kuwachorea wanamuziki wetu, na kwetu Kongo jina linalotangulia kutajwa ni Franco Luambo Makiadi wa OK Jazz. Sipingi hamu hiyo, maana hata mimi ninayo. Ninachopinga ni namna wengi wetu tunavyotaka kuitimiza: uso wa Franco ubandikwe kwenye karata zote 78, hapa Franco mfalme, pale Franco jua, kule Franco nyota, na kila karata imwimbie sifa. Kazi ya namna hiyo si taroti. Ni bango la tamasha lililokatwa vipande 78.

Hoja yangu ni hii. Karata ya taroti husomwa kwa njia mbili: ikitoka wima ina maana yake, ikitoka kichwa chini ina maana nyingine. Anayetaka kumtia mwanamuziki ndani ya karata lazima akubali mwanamuziki huyo ageuzwe. Asiyekubali achore picha moja kubwa, aitundike ukutani, aridhike.

Nianze na wale wanaotaka jambo hili lisitajwe kabisa darasani kwa kuwa, kwa maneno yao, taroti ni ramli na ramli ni ushirikina. Historia haiko upande wao. Karata hizi zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nazo zilizaliwa zikiwa mchezo, kama karata zinazochezwa kwetu chini ya mwembe. Zilichezwa kwa zaidi ya miaka 300 kabla Mfaransa Antoine Court de Gébelin hajaandika, mwaka 1781, kwamba zinaficha hekima ya siri ya Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi, lakini dai lake lilipendwa, na waaguzi wakalishika. Uaguzi basi ni nguo ambayo taroti ilivalishwa ukubwani. Mimi siitetei nguo hiyo, wala sitaki mtu amuulize Franco kama atafaulu mtihani. Nazitetea karata kama kitabu cha picha 78 kisicho na ukurasa wa kwanza wala wa mwisho, ambacho hupangwa upya kila kinapochangwa.

Wapo pia wasemao kwamba taroti ni kitu cha Wazungu, hakina mzizi kwetu. Hao nawaomba wasikilize lugha yao wenyewe. Taroti ina mafungu manne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Wareno huyaita copas, espadas, ouros na paus. Na Mswahili anazitaja vipi karata zake? Kopa, shupaza, uru, pau. Tumekuwa tukivitaja vikombe na panga hizo vizazi kwa vizazi bila kuviona, kwa sababu karata tunazonunua dukani zimechorwa moyo na maua badala yake. Hata turufu, ile karata inayokula nyingine zote, ni trunfo ya Wareno, na chimbuko lake ni trionfi, jina la kale la Kiitalia la zile karata 22 kuu zinazoitofautisha taroti na karata nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayeshika taroti anakutana na babu wa maneno ambayo baba yake huyapigia kelele mezani kila Jumapili.

Nimewajibu hao kwa ufupi kwa sababu si wao ninaogombana nao hasa. Ninagombana na kundi langu mwenyewe, wapenzi wa Franco.

Kusema kweli, taroti yenyewe ilikuwa na dalili za ugonjwa wetu tangu utotoni. Miongoni mwa seti za kale kabisa zilizobaki ni zile zilizochorwa kwa mkono kwa ajili ya familia za Visconti na Sforza, watawala wa Milan. Zimepambwa kwa dhahabu na alama za ukoo. Ni karata za ikulu. Lakini karata, hata iwe ya dhahabu, ina tabia moja ambayo picha ya ukutani haina: ikishachangwa, haichagui itaangukaje. Wasomaji wa taroti waliokuja baadaye wakaipa maana tabia hiyo. Jua likitoka wima ni furaha, likitoka kichwa chini ni furaha iliyofunikwa na wingu. Mfalme akitoka wima ni mlinzi wa nchi, akigeuka ni dhalimu. Hakuna karata hata moja iliyosamehewa kugeuzwa, na hii ndiyo kanuni inayonifanya niipende taroti kuliko sanamu, shairi la rambirambi na hotuba ya kumbukumbu.

Kwa nini kanuni hiyo imfae Franco kuliko mwingine? Kwa sababu maisha yake yalikwenda wima na kichwa chini mbele ya macho ya nchi nzima. Alizaliwa mwaka 1938, akawa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, na alipofariki mwaka 1989 serikali ya Mobutu ilitangaza siku 4 za maombolezo. Serikali hiyohiyo ilikuwa imemfunga. Na mtu huyohuyo aliyefungwa alikuwa ameiimbia serikali hiyo. Mwenye kulichora hilo kwa rangi moja anatudanganya.

Tuchukue karata ya 12, Mnyongwa. Katika taroti ya kale mtu huyu ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini. Waitalia walimwita pia msaliti, kwa sababu katika miji yao wasaliti walichorwa hivyo ukutani ili waaibike. Sasa tutoke Italia twende Kinshasa, Juni 1966. Waliokuwa mawaziri wanne, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walinyongwa hadharani mbele ya umati kwa kosa la kula njama dhidi ya Mobutu. Baada ya tukio hilo Franco alitoa wimbo wa Kikongo, Luvumbu Ndoki, kuhusu chifu mchawi anayewamaliza watu wake. Watawala walielewa anayesemwa ni nani. Santuri ziliondolewa sokoni, na Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda. Mnyongwa ni karata ambayo mtu wake tayari yuko kichwa chini. Ukiigeuza, yeye anasimama wima na dunia ndiyo inayopinduka. Mchoraji wa Kikongo anayeacha nafasi hiyo akachora gitaa lililotundikwa ukutani anastahili kunyang'anywa brashi.

Karata ya 4 ni Mfalme. Hapa mashabiki wataniambia nimweke Franco mwenyewe kwenye kiti cha enzi. Nasema hapana. Mwaka 1984 Mobutu aligombea urais akiwa mgombea pekee, na Franco alitoa albamu nzima ya kumnadi, Candidat na biso Mobutu, yaani mgombea wetu Mobutu. Mchawi wa wimbo wa 1966 amekuwa mgombea wa wimbo wa 1984. Karata ya Mfalme basi ichorwe na watu wawili: mwenye kofia ya chui ameketi, mwenye gitaa amesimama pembeni. Ikitoka wima, isomeke kwamba mamlaka yamemtiisha msanii. Ikigeuka, kiti kinakuwa juu ya kichwa cha aliyekikalia, na isomeke kwamba hata mtawala asiye na mpinzani alihitaji kuombewa kura na mpiga gitaa. Maana zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja ambayo ni sifa tupu.

Karata ya Haki haina haja ya kutafutiwa tukio. Mwaka 1978 Franco alitiwa jela kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi, Hélène na Jackie. Ikiwa wima, karata hii iulize kama msanii ana ruhusa ya kusema lolote kwa kuwa anapendwa. Mimi nadhani hana. Ikigeuka, iulize ni mahakama gani ilikuwa ikifundisha adabu, katika nchi ambayo miaka 12 nyuma iliwanyonga watu hadharani.

Wapenzi, karata ya 6, ni Mario bila ubishi. Wimbo huo wa mwaka 1985 unamsema kijana msomi anayekula na kulala kwa mwanamke tajiri aliyemzidi umri, huku vyeti vyake vikilala kabatini. Chuoni tunaucheza kwa kicheko kwa sababu kila mmoja wetu anamjua Mario wake. Lakini igeuze karata hiyo. Wasikilizaji wengi wa kike wamelalamika kwamba katika nyimbo za Franco mwanamke ndiye mwenye tamaa, umbea na wivu; wengine wanamtetea kwamba alikuwa miongoni mwa wanaume wachache waliotia malalamiko ya mke kwenye santuri. Taroti yenye heshima haiwezi kumaliza mgogoro huo kwa kuchora moyo mwekundu. Iuweke mezani, wanaume na wanawake waliokaa pale waubishanie.

Na Hukumu, karata ya 20, ambamo malaika hupiga tarumbeta na wafu huamka? Mwaka 1987, wakati viongozi wengi wa Afrika walipokuwa bado wanaona haya kulitaja jina la ukimwi, Franco alitoa Attention na Sida na kuwaonya watu kwa sauti ya mhubiri. Hapa yuko wima kweli, na sioni haya kumsifu. Hata hivyo karata hii nayo itageuka siku moja mkononi mwa mtu, na mchoraji awe ameandika maana yake: onyo lililokuja wakati wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Najua jibu litakalonijia: marehemu hasemwi vibaya. Ni jibu la adabu nyumbani, si jibu la elimu. Wahenga hawakusema tumsifu mgema ili tembo lizidi utamu. Walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu amekufa na hawezi tena kulitia maji tembo lake. Tunaolitia maji ni sisi, kila tunapolimimina kwenye kikombe cha sifa na kumwambia mdogo wetu kwamba hii ndiyo ladha yenyewe. Mdogo wetu huyo atakua akidhani muziki mkubwa huzaliwa na watu wasio na doa, na siku akiliona doa atautupa muziki pia.

Kuna jibu zito zaidi, na sitalikwepa. Mtu aliyeishi chini ya utawala wa namna ile, mbele ya watu walioweza kumfunga na kumfukuza, alikuwa na uhuru gani wa kukataa kuimba? Sisi tulio salama tunapata wapi haki ya kumhukumu? Nakubali uzito wa swali. Ndiyo maana nataka karata, sitaki mahakama. Mahakama hutoa hukumu moja na kufunga faili. Karata hubeba hofu na ushujaa wa mtu mmoja kwenye kipande kimoja cha karatasi, na haimlazimishi anayeishika aamue leo. Anayemficha Franco wa 1984 ili kumlinda anamnyima pia utetezi wake, maana nani atayaelewa mazingira ya hofu ambayo hayakuchorwa?

Kwa sisi wa mashariki ya Kongo jambo hili lina upande mwingine. Franco aliimba zaidi kwa Kilingala, na Kilingala kilitufikia kwa milango miwili. Mlango mmoja ni redio na santuri. Mwingine ni jeshi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya askari wa Mobutu. Mzee wa Bukavu au Kindu anaweza kuwa alijifunza lugha moja kwa kucheza dansi na kwa kuamriwa alale chini. Tukimchora Franco wa upande mmoja, tunauchora mlango mmoja na kuuziba mwingine. Majina ya Kiswahili chini ya picha hizo yatakuwa ushahidi kwamba aliyezichora alisikia gitaa lilelile akiwa amesimama mahali pengine pa nchi.

Hapo ndipo ninapomgeukia mhadhiri anayeuliza kazi hii inahusu nini idara ya Kiswahili. Inahusu tafsiri, tena tafsiri ngumu. Karata ya 1 katika taroti ya Waitalia ilikuwa mtu wa viinimacho aliyeketi mezani na vikombe vyake. Baadaye akapandishwa cheo akawa mjuzi wa siri. Kwa Kiswahili tutamwitaje? Mchawi huroga, mganga hutibu, mpiga ramli hubashiri, mfanya kiinimacho hucheza na macho ya watu. Kifaransa kilimpa Franco lakabu ya sorcier wa gitaa na hakikuona haja ya kufafanua. Kiswahili hakituruhusu uvivu huo. Ukimwita mchawi wa gitaa umesifu vidole vyake kwa neno ambalo mtaani linaweza kumletea mtu mawe, na pia umegusa ndoki wa wimbo wake mwenyewe. Ukimwita mganga umetangaza kwamba muziki wake ulitibu. Vivyo hivyo karata isiyo na namba ya juu: ni Mjinga, Juha au Mzururaji? Kila jina ni uamuzi wa kimaana unaodai hoja. Majina 22 ya namna hiyo, yakitetewa vizuri, yanatosha kabisa kuwa tasnifu ya shahada ya kwanza.

Basi nina masharti matatu kwa yeyote atakayeanza kuchora.

La kwanza, uso wa Franco uonekane kwenye karata moja tu. Nafasi nyingine ziachiwe watu waliomfanya awe Franco. Mabele, wimbo wa mwaka 1974 ambao wengi huutaja kama kilele cha OK Jazz, ulitungwa na Simaro Lutumba na kuimbwa na Sam Mangwana. Sauti ya Madilu System ndiyo iliyoupeleka Mario kila baa. Seti yenye nyuso 78 za kiongozi inarudia kosa la majalada yaliyoandika jina moja kwa herufi kubwa na mengine kwa herufi za kutafutwa kwa darubini.

La pili, mchoraji alipwe na atajwe. Taroti inayojulikana kuliko zote, iliyotoka London mwaka 1909, ilichorwa na Pamela Colman Smith, picha zote 78. Alilipwa mara moja, kidogo, bila mgawo wa mauzo, na kwa miongo mingi seti hiyo iliitwa kwa majina ya mchapishaji Rider na mwandishi Waite. Pamela alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni. Vilevile maneno ya nyimbo na sura ya mwanamuziki vina wenyewe. Kabla ya kuuza hata seti moja, warithi waombwe ruhusa. Heshima kwa msanii aliyekufa haianzi kwa kumwibia msanii aliye hai, wala haimalizikii kwa kuwaibia watoto wa marehemu.

La tatu ndilo kubwa. Kabla ya kugusa rangi, andika kwa Kiswahili maana ya kila karata ikiwa imegeuka. Usianze na maana ya wima. Hiyo kila shabiki anayo mdomoni. Andika kwanza ile inayokuuma. Ukifika karata ya tano huna la kuandika ila sifa, weka kalamu chini urudi kusikiliza nyimbo upya, pamoja na ile albamu ya 1984 ambayo huwa tunairuka. Humjui bado vya kutosha kumchora.